Ufunguo wa Mnara wa Kayinja

Iko siku moja kichwani mwangu ambayo imekataa kuzeeka, mwanangu. Mimi nimezeeka, magoti yanalalamika nikiinuka, meno niliyobaki nayo ni ya kuchekea tu, lakini siku ile ipo vilevile na hasira yake vilevile. Sijawahi kuisimulia. Baba yako hajaisikia. Nilikusudia nizikwe nayo. Lakini jana jioni uliingia humu ndani, ukavua kofia yako ya ulinzi, ukasema maneno mawili ambayo niliapa hayatasemwa tena ndani ya nyumba yangu. Ulisema, "Niliambiwa tu."

Kaa chini. Simu iweke mbali. Chai ipo hapo, jimiminie mwenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya jambo la jana, usije ukaenda kwa shangazi zako kusema bibi amekuonea. Wewe ni mlinzi wa geti pale Ntinda, kwenye nyumba za wakubwa. Ng'ambo ya geti lako anakaa Namatovu, muuza chapati, ambaye kila asubuhi anakupa chai kabla hujafungua hata mdomo kuiomba. Jana mtoto wake alishikwa na degedege. Mama na mtoto wakapanda bodaboda, wakaja kwako, wanataka kukatisha ndani watokee upande wa pili kwenye kliniki, kwa sababu barabara kubwa ilikuwa imejaa magari yaliyokwama. Ukakataa. Bosi amesema bodaboda zisipite. Namatovu alikuita kwa jina lako, "Swaibu, mwanangu, fungua!" Wewe ukasimama pale na hiyo filimbi ya babu yako shingoni, ukamwambia umeambiwa. Wakazunguka. Sasa mtoto yuko hospitali, anahema, macho hajafumbua.

Basi leo utasikia habari za filimbi hiyo.

Wewe babu yako unamjua kwa picha ile ya ukutani, na kwa sifa. Konstebo Drani, mtu mpole. Hata shehe siku ya maziko alisema hajawahi kumsikia akipaza sauti, na ni kweli, mimi nililala naye kitanda kimoja ujana wangu wote na sijawahi kumsikia. Nilimpenda, usinielewe vibaya. Nililia siku ile mpaka wakanishika. Lakini kuna jambo moja nililia nalo ambalo waombolezaji hawakulijua.

Miaka ile nchi ilikuwa ya wanajeshi. Mimi nilizaliwa kambini, baba yangu askari kutoka Arua, anaswali kwenye mkeka wake upande huu, na mama yangu upande ule ana rozari yake, na hakuna aliyemsumbua mwenzake. Kwa hiyo magwanda sikuyaogopa utotoni. Nilijifunza kuyaogopa baadaye, wakati majirani walipoanza kuchukuliwa kwenye magari na sisi tukaanza kufunga madirisha mapema. Sukari ikapotea. Sabuni ikapotea. Chumvi ukiipata unaificha hata kwa dada yako. Mafuta ya taa ndiyo usiseme.

Drani alinioa Nateete, harusi ya wali na nyama kidogo, halafu akapelekwa kufanya kazi kisiwani. Kayinja kilikuwa kisiwa kidogo cha mawe, safari ya boti kutoka bandari ya Port Bell. Siku ya anga safi ulikuwa unaiona bandari na kuta za gereza la Luzira. Nyumba zetu zilikuwa chini karibu na maji, na juu, mahali jabali linapokatika ghafla kuelekea ziwani, palikuwa na mnara wa taa. Mnara mnene, mweupe, mlango wa chuma. Chini ya jabali lile mawe yalijaa majini, wavuvi waliyaita Meno. Pengo la kupita boti lilikuwa moja tu. Jua likishazama, mtu aliyetoka bandarini alilipata pengo hilo kwa kuitazama taa. Bila taa alikuwa anabahatisha.

Mtunza taa alikuwa Mzee Owino, Mkenya, mwajiriwa wa shirika la reli, ambalo meli zake zilivusha mabehewa ya treni ziwani. Mtu mrefu, mkali kidogo, mwenye kupenda nyimbo za kanisani na kuziimba vibaya. Mkewe tulimwita Mama Akinyi. Huyo ndiye aliyenifundisha kukaanga samaki bila mafuta, na ndiye aliyenizalisha nilipomzaa Yasini, baba yako, mimi nikipiga kelele na yeye akinicheka. "We binti ya jeshi, kelele yote hii ya nini? Sukuma!"

Mafuta ya mnara yalikuwa yakiletwa kutoka bandarini. Yalipoacha kuletwa, watu wa Kayinja walifanya jambo ambalo sijaliona mahali pengine. Kila nyumba yenye mtu majini siku hiyo ilipeleka kikombe cha mafuta yake mnarani alasiri, kabla ya kuwasha hata kibatari chake. Unapanda, unamimina mwenyewe kwenye tangi la taa, na ukimimina unamtaja uliyemletea. Jina lake kamili, kwa sauti. Mzee Owino anaitikia, "Nimesikia." Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi. Hakushuka kulala mpaka kila jina lililotajwa limefika nchi kavu. Boti ikikaribia, watu walio ndani walipiga debe, naye akawajibu kwa kengele.

Nyumba nyingi zilibaki gizani kwa sababu ya desturi hiyo, na wala hatukulalamika. Tulipika mapema, tukakaa nje, tukatazama mwanga ukizunguka juu yetu. Mpaka leo sijakaa mahali pazuri kuliko pale.

Siku ninayokuambia, Mama Akinyi aliondoka asubuhi kwenda Port Bell na mwenye mtumbwi mmoja, Sserunjogi. Alikwenda kuwaganda wakubwa wa bandari wampe mafuta ya mnara. "Leo sitoki pale mikono mitupu," alituambia, "hata kama ni kuwakalia mlangoni na kuwaimbia kama mume wangu." Tukacheka.

Alasiri tukapanda na vikombe vyetu. Wavuvi wengi walikuwa majini upande wa pili wa kisiwa, kwa hiyo karibu kila nyumba ilimimina. Mwisho akaja Mzee Owino na kikombe chake mwenyewe. Sasa mzee yule alikuwa na aibu za kizamani, hakumwita mkewe ila Mama Akinyi, siku zote. Lakini kwenye tangi la taa ilibidi ataje jina. Akamimina, akasema polepole, "Adhiambo." Halafu akajijibu, "Nimesikia." Wanawake tukabinyana. Na babu yako, Swaibu, alikuwa amesimama pale pale, bega kwa bega nami, amembeba baba yako mgongoni. Naye alitabasamu. Alilisikia jina lile kama nilivyolisikia mimi. Shika hapo, usipaachie.

Haukupita muda ikaja boti ya injini ya wanajeshi. Akashuka kapteni mmoja na watu wake. Jina lake silisemi, na kama amekufa ajibu huko aliko. Akapanda jabali anatweta, akatazama taa, akamtazama Drani ambaye alikuwa polisi pekee kisiwani.

"Wewe polisi! Hii taa leo hapana waka. Nasikia?"

"Ndiyo, afande."

"Mimi iko Port Bell, mimi naona. Nikiona moto hapa juu, wewe nakwisha."

Mzee Owino akasogea. Akasema, kwa heshima kabisa, kuna watu majini, afande, na mke wangu ni mmoja wao. Kapteni akampiga kofi lililomwangusha chini, mzee wa watu mwenye mvi. Akaamuru afungiwe katika kituo cha polisi asije akawasha. Halafu wakafunga mlango wa chuma kwa kufuli, mafuta yetu yote yakiwa ndani, ufunguo akapewa babu yako. Wakashuka, wakapanda boti yao, wakaenda. Hawakuacha mwanajeshi hata mmoja. Kisiwa kizima kilibaki na mwenye amri mmoja, naye alikuwa mume wangu.

Kwa nini taa izimwe? Baadaye wavuvi walituambia. Kapteni alikuwa na kahawa yake ya magendo inavushwa kwenda Kenya jioni ile, na hakutaka mtu wa juu ya jabali aone ni boti za nani. Magunia ya kahawa, mwanangu.

Jua likaanza kushuka na upepo ukaanza. Wavuvi wetu walikuwa wameona mawingu, wakarudi mapema kwa upande wao. Mtumbwi wa Sserunjogi haukuonekana. Mvua ikapita, nyembamba lakini ya kulowesha. Kiza kilipokuwa kinaingia ndipo tukasikia debe. Ko-ko-ko, halafu kimya, halafu tena ko-ko-ko. Mama Akinyi huyo, anapiga debe, anauliza taa iko wapi.

Na kule kituoni Mzee Owino naye alilisikia. Hakuwa na kengele. Akaanza kuupiga mlango wa mahabusu kwa mikono yake, anajibu. Debe linapiga majini, mlango unapiga kituoni, na katikati yake kakaa babu yako kwenye ngazi za mnara, ufunguo mfukoni mwa shati.

Tulikimbia kuwasha moto ufukweni. Kuni zimelowa. Mafuta ya kuwashia hatuna, nyumba zetu hazina hata tone, maana tuliyamimina yote mnarani alasiri ile kwa mikono yetu wenyewe. Tulipuliza mpaka vichwa vikazunguka. Moshi mtupu. Tukapanda jabali, wanawake, wavuvi, sote, tukamwendea Drani.

Nikamwambia, "Baba Yasini, nipe ufunguo."

Akasema, "Mama Yasini, nimeambiwa."

"Ni Mama Akinyi yule! Unamsikia!"

"Namsikia. Lakini mimi si nimeambiwa tu? Amri si yangu."

Bibi mmoja wa Kiganda akapiga magoti mbele yake, mtu wa umri wa mama yake, "Banange, ssebo, tukwegayiridde, tunakusihi, tusaidie!" Drani akamwinua kwa mikono miwili. Akampangusa kanga yake matope. Mvuvi mmoja akaokota jiwe apige kufuli, Drani akasimama mbele ya mlango, akapuliza filimbi. Filimbi hiyo hiyo uliyoivaa. Miaka ile mtu hakubishana na sare na filimbi, wakarudi nyuma. Mimi nikaokota jiwe. Akanishika mkono. Hakunipiga, hakunisukuma, hakunikunja. Alinishika taratibu kama anamshika mgonjwa, akalitoa jiwe kidole kimoja kimoja, akaniambia, "Utajiumiza, mama."

Upole ule nauchukia mpaka leo. Nimewahi kukutana na wanaume wakatili, mwanangu, na nilijua la kuwafanya, unawakimbia au unawatukana. Yule aliyeninyang'anya jiwe huku ananiuguza, sikujua la kumfanya.

Debe likapiga tena, karibu zaidi, lakini si upande wa pengo. Wavuvi wakapiga kelele, "Kushoto! Kushoto!" Upepo ukazichukua. Halafu tukasikia mbao zikivunjika. Halafu Sserunjogi akiita mara moja tu. Debe halikupiga tena. Mzee Owino kule kituoni aliendelea kuupiga mlango muda mrefu, anasubiri ajibiwe.

Nimiminie chai kidogo. Hapana, usiniambie pole. Mimi sikukuita unipe pole.

Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo mtu anaweza kunielewa kinyume. Sikumkasirikia babu yako kwa sababu aliogopa. Nani hakuogopa? Miaka ile hata mbwa walibweka kwa adabu. Kapteni angeweza kumwua, na mimi, na baba yako mgongoni. Mimi mwenyewe niliogopa mpaka maziwa yakakauka, mtoto akanyonya hewa. Lakini Drani hakusema ameogopa. Angeniambia, "Mama Yasini, naogopa," ningekaa naye kwenye ngazi ile tukatafuta cha kufanya. Angeweza kugeukia ziwani watu wakavunja kufuli nyuma yake. Angeweza kudondosha ufunguo nyasini akaulaani mfuko wake kutoboka. Angeweza kufungua kidogo tu, akatugawia kikombe kimoja cha mafuta tukawasha moto wa chini ufukweni, ambao kutoka Port Bell usingeonekana kwa sababu ya jabali, ila aliye karibu na Meno angeuona. Njia za mtu mwoga ni nyingi, mwanangu, na nyingine ni nzuri sana. Lakini aliyeambiwa tu hatafuti njia. Yeye anaona kazi imekwisha kufanywa na mwingine, yeye ni mfuko wa kuwekea ufunguo.

Asubuhi alikwenda kumfungulia Mzee Owino. Mikono ya mzee ilikuwa imevimba. Hakumtazama Drani, alipita moja kwa moja kushuka ufukweni. Mama Akinyi alikuwa ameletwa na maji mpaka kwenye mchanga, na wavuvi walikuwa wamemfunika kwa tanga. Sserunjogi hatukumpata. Na hatua chache kutoka pale, limelala ubavuni, kulikuwa na debe la mafuta ya taa. Zima. Limefungwa. Amepewa, unaona? Aliwakalia mlangoni mpaka wakampa. Alikuwa analipiga lile lile, limejaa mafuta ya kuwasha taa aliyokuwa anaitafuta.

Tulimzika nyuma ya mnara. Baada ya maziko mzee akaja kwetu, amebeba lile debe. Akasimama mlangoni, hakuingia. Drani akainuka, akasema, "Mzee, pole sana."

Mzee akamwuliza, "Jina lake ulisikia ama hukusikia?"

Drani akamsogezea kiti.

"Jana nilimimina hapo mbele yako. Nikataja jina. Nauliza, ulisikia?"

"Nilisikia, mzee."

"Haya. Sasa niambie ni nani alimwacha. Jina. Mimi nilikuambia jina la mke wangu, wewe niambie jina la huyo mtu."

Drani akasema, "Mzee, mimi niliambiwa tu."

Nami, mwanangu, nikaona jinsi uso wake ulivyokuwa, nikamhurumia, nikafungua mdomo nimsemee. Nikasema, "Mzee, yule kapteni angetuua." Mzee akanigeukia. Nadhani hakuwahi kunisemesha kwa ukali kabla ya siku ile.

"Wewe Zubeda, nyamaza. Wewe usimtafutie maneno. Yeye mwenyewe ana mdomo. Kama aliogopa, aseme aliogopa, mimi nitalia na yeye hapa hapa. Lakini ukimpa maneno leo, atakula hayo mpaka afe, na watoto wake watakula."

Akaondoka. Jioni hiyo akalibeba debe lile juu, akavunja kufuli kwa shoka, akapangusa vioo, akawasha taa. Hakuna aliyekuwa majini. Watu wote walipanda hata hivyo, bila vikombe maana havikuwa na kitu, wakasimama. Mzee akamimina mafuta ya mkewe, akasema, "Adhiambo." Safari hii hakujijibu. Tulijibu sisi. Babu yako alikuwa nyumbani, amekaa kitandani na buti zake.

Sasa ngoja nikuambie sehemu inayonichoma zaidi, kisha tumalize.

Kesho yake Drani alivaa sare, akapanga mkanda, akaenda Port Bell kutoa taarifa kwamba taa imewashwa kinyume cha amri. Usitoe macho hivyo. Alikuwa mtu wa wajibu, ndivyo walivyosema kwenye maziko yake. Mimi nilishinda na baba yako mikononi, nikisubiri boti ya wanajeshi ije imchukue mzee, na labda sisi sote. Jioni Drani akarudi peke yake. Na alikuwa amechangamka kidogo. Akavua kofia, akaniambia, "Mama Yasini, hakuna shida. Nimemkuta kapteni anakula nyama na wenzake. Nimemwambia, afande, ile taa ya Kayinja imewaka. Ameniuliza, 'Taa gani?'"

Taa gani.

Alikuwa amesahau. Kahawa yake imevuka, mchezo umekwisha, amri ile haikuwa na uzito hata wa kukumbukwa siku mbili. Watu wawili walikuwa wamekufa kwa ajili ya neno ambalo mwenyewe alilisema akashuka zake jabali. Na mume wangu akafurahi. Aliona ameondolewa mzigo. Hakuona kwamba pale ndipo mzigo wote ulipomrudia, kwamba aliyeamrisha amejitoa, na kwenye ile ngazi ya mnara sasa amebaki yeye peke yake na ufunguo.

Mzee Owino aliiwasha taa mpaka debe lile likaisha. Kisha akamchukua binti yake, Akinyi, wakavuka kwenda kwao Kenya na mtumbwi wa wavuvi, maana Wakenya hawakuwa salama tena hapa. Mtunza taa mwingine hakuletwa. Mnara upo mpaka leo, ndege wanaukalia.

Nilirudi na Drani bara, tukaja Ntinda, tukazaa wengine. Alikuwa baba mwema. Kila mwaka, siku mvua ikipiga bati kwa namna fulani, nilikuwa namtazama, nasubiri aseme hata moja la haya: Niliogopa. Nilikosea. Adhiambo. Neno lolote. Alipokuwa mgonjwa nilikaa naye mpaka mwisho, nikamwinamia, nikamwuliza kwa sauti ndogo, "Baba Yasini, unaikumbuka taa?" Akanitazama kwa yale macho yake ya upole, akasema, "Mama, mimi si niliambiwa tu?" Akafa nayo. Mzee Owino alisema atakula maneno hayo mpaka afe, na ndivyo ilivyokuwa. Alisema na watoto wake watakula. Nikajidanganya kwamba hapo mzee alikosea, mpaka jana ulipoingia mlango huu.

Kwa hiyo nakuambia, na nakuambia kwa hasira kwa sababu nikikuambia taratibu utadhani ni hadithi. Bosi wako akisema geti lifungwe, funga, ni kazi yako, mshahara ni wa halali. Lakini siku mtu aliye mbele yako anakufa, na wewe ndiye mwenye ufunguo, amri hiyo ni yako. Usiitafutie baba mwingine. Ukifungua, umefungua wewe. Ukikataa, umekataa wewe, na useme hivyo kwa mdomo wako: mimi Swaibu nilikataa. Ukiogopa, sema umeogopa, nitakaa na wewe hapa tutafute njia, hata kama ni njia ya aibu. Woga unatibika. Mtu aliyeambiwa tu hatibiki, maana haamini kwamba anaumwa. Na usidhani bosi wako amelala anafikiria jambo la jana. Nenda kamwulize kuhusu mtoto wa Namatovu. Utasikia atakavyokujibu.

Sasa vua hiyo filimbi. Iweke hapo mezani. Sikuizuia ulipoichukua kwenye sanduku lake kwa sababu uliipenda, na mimi nilikuwa mzee na mvivu wa kusema. Leo itabaki na mimi.

Mtoto yule anaitwa nani? ... Usiangalie chini, najua unajua, amechezea kofia yako mwaka mzima. Anaitwa nani? ... Kato. Haya. Nimesikia.

Inuka uende hospitali. Usiende na matunda, usiende na maneno ya bosi. Namatovu atakutukana, mwache atukane, simama hapo hapo. Atakapomaliza, mwambie ulimsikia alipokuita, ulimjua mtoto, na ni wewe uliyekataa. Halafu kaa naye, umsaidie kushika zamu ya usiku, mpaka Kato afumbue macho. Wewe bado una mtoto anayehema. Drani hakuachiwa hata hilo.

Mungu amrudishe Kato kwa mama yake. Akupe wewe ulimi wa kusema ukweli wako mwenyewe, na mkono mwepesi kwenye kila kufuli utakayoshika, na akulinde na upole usio na moyo. Akuzeeshe, ukae na wajukuu wako mezani hivi, na usiwe na siku moja ya kuwaficha. Nenda, mwanangu. Nimekwisha kulitaja jina lako leo, na mimi silali mpaka urudi.